Mwaka Vyura Walipoitika Mapema

Kijijini kwetu, karibu na Kolo, mvua ya kwanza ilikuwa na ngurumo mbili: ya mawinguni, na ile iliyotoka bondeni, nzito, kama kundi la ng'ombe linaloguna. Walikuwa vyura wakubwa, waliolala ardhini kiangazi chote na kuibuka maji yalipowafikia. Bibi, mama yake baba, alipanda uwele kwa kufuata sauti yao tangu alipoolewa.

Mwaka mmoja, enzi zile za soko huria, mitumba ilipoanza kumwagwa kwenye gulio la Kondoa, mvua kubwa ilishuka mchana katikati ya kiangazi. Vyura wakaitika. Bibi akashusha mbegu darini.

"Mama, mbona mapema hivi?" mama yangu alimuuliza.

"Si unawasikia, mwanangu? Kesho tunapanda."

Tulipanda mbegu yote. Halafu jua likarudi, kali kuliko mwanzo. Miche ilichomoza, ikasinyaa. Bondeni, dimbwi lililojaa viluwiluwi lilizidi kupungua, hadi maji yakawa meusi na kutukutika kama yanachemka. Mimi na dada yangu Saida tuliwapelekea maji ya kisima kwa kibuyu, mpaka mama akatukataza. Hata ya kunywa hayakutosha. Tuliporudi kutazama, tope lilikuwa limekauka. Vyura wakubwa walikuwa wamekwama, nusu ndani nusu nje, vinywa wazi, wote wameelekea upande mmoja. Mwewe walizunguka juu, hawakutua. Saida alinishika mkono, tukaondoka polepole, kama watu wanaotoka makaburini.

Mvua ya kweli ilichelewa sana. Ilipofika, tulikaa barazani kusikiliza. Maji yalipiga bati, yakatiririka bondeni, basi. Bibi aliziba masikio kwa viganja, akaachia, akaziba tena.

"Saida, mimi nimekuwa kiziwi?"

"Hapana, bibi. Hata sisi hatusikii."

Alikaa pale mpaka mvua ikakatika. Mwaka ule tulikula uwele wa kuomba kwa ndugu, na bibi hakutaja tena siku ya kupanda, alimwachia mama.

Sasa naishi Dodoma mjini, na habari za mabadiliko ya tabianchi nazisikia redioni kila mara. Mwaka jana nilimpeleka mwanangu kijijini. Mvua ikanyesha alasiri, naye akatoa mkono dirishani.

"Mama, mvua ya huku imetulia vizuri," alisema akitabasamu.

Nilisogea dirishani, nikategea sikio bondeni. Yeye hakuwahi kuisikia ile ya ngurumo mbili.