Popo wa Robo Kilo

Enzi zetu hata popo walikuwa wanene. Nawaandikia nyinyi tuliokulia pamoja Moshono kabla kila uwanja haujajengewa ukuta, kwa sababu mwanangu haamini. Juzi alimwona popo mmoja akikatiza juu ya bati, akatoa simu ampige picha, kisha akaniuliza kama ile ni droni ya jirani.

Sisi tulikuwa nao wa kutosha. Walilala mchana kutwa kwenye mkuyu ulio nyuma ya nyumba yetu, wananing'inia kama soksi zilizoanikwa na mtu mvivu, wakigombana kwa sauti ya bawaba kavu. Chini ya mkuyu huo tulicheza rede, tulifunga bembea ya katani, na tulikula kuyu zilizoanguka baada ya kuzifuta kwenye sketi ya dada yangu Ndeshi, bila ruhusa yake.

Baba hakuupenda. Alikuwa mzee wa kanisa, na shati lake jeupe la Jumapili lilipaswa kupita chini ya matawi yale kabla ya kufika ibadani. Mara tatu lilifika na madoa ya njano mgongoni, na mara tatu alipitisha kapu la sadaka huku kwaya nzima ikitazama sakafu kwa bidii. Siku ya tatu alirudi, akaazima msumeno, akatangaza kwamba mti utaanguka baada ya mavuno.

Mkuyu ungeanguka, tungechezea wapi? Tukakaa kikao: Ndeshi, mimi, na mdogo wetu Elia. Ndeshi alikuwa darasa la sita, akatuambia tusihangaike kulia. Baba hasikii machozi, alisema, husikia ushahidi.

Ushahidi ulikuwepo. Mwaka uliotangulia, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji alikuwa amekata kahawa yake yote, pamoja na miti ya kivuli, ili auze viwanja. Tangu hapo popo walipungua. Zamani Ndeshi akiwahesabu alichoka kabla ya kumaliza tawi moja. Sasa alimaliza mti mzima kabla chai haijachemka. Na waliobaki walikuwa wamekonda. Kabla ya kahawa kukatwa tuliwahi kumpima mmoja kwa utundu tu, akalingana sawasawa na jiwe la robo kilo. Tulitaka kumwonyesha Baba kwamba mti mmoja zaidi ukianguka, popo watakwisha kabisa; haikutujia kwamba labda hilo ndilo alilolitaka. Kilichohitajika ni mizani, na mizani ilikuwa dukani kwa Mama.

Tuliwanasa jua likizama, kwa chandarua kikuukuu tulichokitandaza kati ya migomba yenye ndizi mbivu. Elia alivaa gunia mkononi. Popo tulimtia ndani ya soksi ya shule, tukamweka kwenye sahani moja ya mizani, na jiwe la robo kwenye sahani ya pili, wakati Mama amekwenda kukamua. Mimi niliandika. Daftari langu lilikuwa na safu nne: siku, hali ya hewa, uzito, na nani kang'atwa. Kila popo ilibidi tumwongezee nyanya moja na kitunguu ndipo mizani isimame.

Jioni ya tano akaingia Mama Anjela wa kwaya kununua sukari. Akaitazama soksi inayotikisika, akazitazama nyanya, akamngoja Mama arudi na ndoo ya maziwa.

"Mama Ndeshi," akasema taratibu, "na hiki mnapima kwa kilo?"

Mama alijibu kwamba huenda ni mtoto wa paka. Popo akatoa kichwa.

Kufikia Jumapili habari ilikuwa imefika hadi Kwa Mrombo, na njiani ilikuwa imenenepa kuliko popo wetu. Wiki tatu hakuna aliyenunua kwetu hata chumvi. Tulichapwa kwa kufuata umri. Baba alilisoma daftari lote, akauliza tu kwa nini safu ya mwisho ina jina la Elia peke yake. Kisha akachukua msumeno, akasema chanzo cha aibu yote ni mti ule.

Mama, ambaye ndiye aliyekuwa na sababu ya kuuchukia, alisimama mlangoni pa duka.

"Kata, Baba Ndeshi. Ila niambie kwanza hao watalala wapi. Kahawa ya jirani haipo tena. Pa karibu palipobaki ni dari ya duka langu."

Baba akaitazama dari kwa muda mrefu. Msumeno ukarudi kwa mwenyewe, na tangu siku hiyo alikwenda kanisani na mwavuli, hata kiangazi.

Mti uliomshinda Baba haukutushinda sisi. Alipofariki, mimi na Elia tulijenga kila mtu nyumba yake uwanjani, tukahitaji mahali pa kuegesha magari. Fundi wa msumeno wa mashine nilimtafuta mwenyewe. Kazi ilimchukua asubuhi moja. Popo walizunguka siku mbili, wakaondoka, sijui kwenda wapi. Leo tunawacheka watoto kwamba hawamjui popo. Wangemjulia wapi?

Mwezi uliopita Mama alikuja kutoka Kisongo, anakoishi na Ndeshi, akataka kuketi nje kama alivyozoea. Nilimletea kiti, tukazunguka nacho uwanja mzima, mwisho tukakiweka kwenye kivuli cha gari la Elia. Akaketi, akashukuru. Baada ya dakika kumi Elia akatoka na funguo, akamwambia shikamoo Mama, akamwomba asogee kidogo, anawahi mjini.