Maji ya Kuoshea Rimu

Idarus alikuwa mpiga rangi wa magari, na mikono yake ilinuka thina hata siku ya Idi. Ufundi aliupata Changamwe, katika gereji ya Mhindi mmoja aliyekuwa akipitisha kiganja juu ya mlango uliokwisha kupakwa, macho ameyafumba, na akihisi punje moja ya mchanga humrudisha fundi mwanzo. Miaka ya kurudishwa mwanzo ilimfanya Idarus asijue kulipua kazi. Alipohamia Mishomoroni akafungua ua wake mbele ya nyumba: kibanda cha mabati, kompresa kuukuu, na jina lake ukutani, kaliandika kwa rangi zilizobaki.

Shida yake ilikuwa maji. Chuma kikisuguliwa msasa kwa maji ya chumvi, rangi hukaa kidogo kisha huvimba malengelenge. Na visima vyote vya mtaa ule vilitoa maji ya chumvi, tena yenye harufu, maana vyoo vilichimbwa karibu mno. Maji matamu yaliletwa na Karisa kwa mkokoteni, akiyapata. Mwanatumu, mkewe Idarus, aliyatia katika pipa jikoni akalifunika kwa sinia, na hakuna aliyechota bila ruhusa yake.

Mbele ya ua lilipita handaki. Lilichimbwa mwaka wa tisini na moja, ulipokuja mradi wa kuleta mfereji, maji matamu ya bomba, mtaani, na kontrakta aliyepewa kazi alikuwa Bwana Nguma. Mabomba yaliletwa kwa lori, yakapangwa kando ya handaki, watu wakapigwa picha wameyakalia, kisha lori lilelile likaja kuyachukua. Toka hapo handaki likawa la takataka na vyura. Mtaa mzima ulijua mabomba yamegeuka nini: nyumba ya ghorofa na Volvo nyeusi. Walijua, wakanyamaza, na Bwana Nguma akipita walimwamkia kwa heshima zote.

Volvo hiyo ndiyo iliyoingia uani kwa Idarus Jumatatu moja ya mwaka wa tisini na tatu. Bwana Nguma alishuka, akalizunguka gari lake, akasema mwili hauna neno ila rimu zinamnyima usingizi. Gari jeusi, alieleza, ni mtu aliyevaa suti. Viatu ndivyo vitakavyomtambulisha. Alitaka ushauri wa fundi. Idarus akataja rangi ya fedha iliyopoa. Bwana Nguma akaamuru nyeupe.

Gari aliliacha uani, na kabla ya kuondoka kwa miguu alisukuma bonge la udongo handakini kwa ncha ya kiatu, akasema, kwa sauti ya kusikiwa na majirani, kwamba kazi itaanza tena karibuni, na mfereji wa kwanza utawekwa papo hapo, uani kwa fundi, mtaa mzima uchote. Maneno hayo yalifika kila nyumba kabla vumbi la viatu vyake halijatua. Rashid mwenye duka akaleta soda ya bure. Bi Johari, mama mtu mzima aliyepakana nao ukuta, akaja kumwomba Idarus amridhishe bwana yule, kwani sasa wote wamo mikononi mwake.

Nyeupe ikapigwa. Keshoye Bwana Nguma akarudi: kuna mtu kamwambia gari lake limekuwa mbuzi mwenye soksi. Idarus akasugua, akaosha, akapiga dhahabu. Watu walijaa kutazama. Nyeupe walikuwa wameisifu. Dhahabu wakaisifu kupita nyeupe. Rashid alithubutu kusema kwamba hata malaika wakiiona watageuza shingo. Idarus aliwatazama watu hawa aliokula nao sahani moja, madumu matupu mkononi, wakimchagulia viatu vya gari mtu aliyewaibia maji, akatema mate pembeni. Naye alikuwa ameinama palepale, akifuta ukingo wa rimu kwa kitambaa laini.

Kila rangi ilikunywa maji. Na wiki hiyo Karisa alileta maji mara moja tu. Huko anakoyachota, alisema, palikuwa pamekauka. Ndani ya nyumba mlikuwa na mzazi. Kulthum, binti yao, alikuja kujifungulia kwao, na hakuwa amefikisha hata nusu ya arubaini. Alichanika wakati wa kuzaa, na mkunga alikataza kabisa asiguswe na maji ya kisima. Kila asubuhi Mwanatumu alimchemshia maji matamu akamkanda. Jumanne alimkanda kwa ndoo. Jumatano kwa kopo. Alhamisi Bwana Nguma alipoamuru rimu za upande mmoja zigeuzwe fedha ili alinganishe, Kulthum alikuwa amepandwa na homa. Mwanatumu akachukua jagi, akabisha mlango mmoja baada ya mwingine. Kila mlango uliapa wallahi hauna hata tone. Akarudi na jagi lake kavu.

Ijumaa baada ya swala Bwana Nguma alikuja, akaletewa kiti na Rashid. Alitazama upande wa dhahabu, rimu zimelazwa chini kando ya gari, akazunguka, akatazama upande wa fedha, huku akitafuna njugu na kutupa karatasi handakini. Mwisho akapangusa mikono.

"Fundi, turudi nyeupe."

"Nyeupe ileile, Bwana Nguma?"

"Ileile. Ila iwe nyeupe ya meno."

Idarus akasema maji hakuna. Yaliyobaki ni ya mzazi, naye anaumwa.

Bwana Nguma alicheka, wala hakuonekana kuona ubaya wowote. "Mzazi ataoga kesho. Mimi kesho n'na arusi Malindi. Na huo mfereji mwautaka ama hamuutaki?"

Kisha Bi Johari akaingia kwake, akatoka na dumu limejaa, akaliweka kando ya rimu. Rashid akafuata na lake kutoka nyuma ya kaunta. Kisha mwingine, na mwingine. Madumu yakajipanga kandokando ya Volvo, maji matamu, meupe, yakicheza juani, na wenyewe wakasimama nyuma yake wakitabasamu kama wazazi wa bwana arusi.

Mwanatumu alikuwa mlangoni. Aliyatazama madumu, dumu kwa dumu, kisha akazitazama nyuso.

"Kumbe yalikuwako," alisema.

Idarus aliona kinyaa, kinyaa cha wote, cha Nguma na cha jirani na cha mikono yake mwenyewe yenye thina. Akachukua spana. Akazifunga rimu zilivyo, kulia dhahabu, kushoto fedha, akakaza kila nati kwa ufundi wake wote, kisha akamnyoshea Bwana Nguma ufunguo wa gari.

"Twaa gari lako. Hapa kwangu huoshi tena rimu."

Bwana Nguma aliutazama ufunguo, akawatazama watu. Alipanda gari polepole. Waliosimama upande huu wa barabara waliona Volvo ya dhahabu ikiondoka, na wa upande wa pili waliona ya fedha, lakini wote kwa pamoja walimgeukia Idarus.

Idarus alishika dumu la Bi Johari. Kwa unyonge kabisa akamwomba amwachie hilo moja, la Kulthum.

Bi Johari akaukamata mkono wa dumu. "Haya niliyatoa kwa sababu ya mfereji," alisema, akalivuta, akaenda nalo kwake. Wengine nao wakayabeba yao, milango ikafungwa.

Jikoni Mwanatumu alikuwa amekoka moto. Idarus aliliinamisha pipa ili mkewe achote yaliyokuwa chini. Ng'ambo ya ukuta watu walikuwa wakimsema: mfereji ulikuwa umefika mlangoni, yeye kaufukuza, mtu mzima hana akili, na maskini Bwana Nguma, kaaibishwa mbele za watu. Mwanatumu akachota bakuli la kwanza. Idarus akaliinamisha pipa zaidi.