Kisu cha Wario

Kwa Gacheri, Krismasi haikuanza na nyimbo za kanisani. Ilianza pale jirani yake Wario alipobisha lango alfajiri, kisu kimefungwa kwa kitambaa, akiuliza, "Salaam aleikum, Mama Wanja. Huyo mbuzi ameamka?"

Ilikuwa hivyo kwa karibu miaka ishirini. Gacheri, Mmeru muuza mboga wa mtaa wa Bulla Pesa, alinunua mbuzi. Wario, Mborana na Mwislamu, alimchinja kwa jina la Mungu kama dini yake inavyotaka. Adhuhuri mkewe Sadiya alikuja na watoto, wakala bila wasiwasi. Hakuna aliyewahi kumwomba Gacheri afanye hivyo. Alijua tu kwamba mgeni asiyeweza kula chakula chako hujamwalika, umemwonyesha tu. Sadiya naye hakuwa wa kukaa kitini angoje sahani. Aliingia jikoni, akafunua sufuria, akaonja mchuzi kiganjani na kulalamika, "Wameru na chumvi mligombana lini?"

Mwaka huu alikuja Muiruri, shemeji yake, kutoka Nyeri. Tangu wazike Chege, mume wa Gacheri, miaka sita iliyopita, Muiruri hakuwa ameuliza hata watoto walikula nini. Sasa alitembea uani kama mwenye boma. Watu wa namna yake wamejaa nchi hii: jina la jirani yako hawalijui, lakini kabila lake na dini yake wanazijua vizuri sana.

Wario alikuwa Garbatulla kuangalia mifugo. Asubuhi alipiga simu: gari lilikuwa limekwama njiani, wamngoje hadi saa nne.

"Tunakungoja," Gacheri alimwambia, kisha akatoka kutafuta dania ya mchuzi sokoni.

Aliporudi, mbuzi alikuwa ananing'inia kwenye mwarobaini, keshachunwa nusu. Muiruri alikuwa ananawa damu mikononi.

"Shemeji! Umefanya nini?"

"Nimechinja. Hii ni Krismasi ya nani? Tuombe ruhusa msikitini ndiyo tule?"

"Wario yuko njiani. Hawataweza kula."

"Basi nyamaza. Nyama ikishaiva haina dini."

Kunyamaza kungekuwa rahisi sana kwa Gacheri: wageni wangekula, wangeshukuru, na hakuna ambaye angejua. Lakini yeye angejua, kila mara Sadiya atakapopeleka tonge mdomoni. Akateleka ndengu na wali katika sufuria nyingine, akaenda kumngojea Wario langoni.

Wario alifika mavumbi yamemjaa hadi kwenye kope, kisu mkononi. Gacheri akamweleza yote palepale, bila kumficha neno. Wario alimtazama mbuzi, akakirudisha kisu kwenye kitambaa.

"Umefanya vyema kuniambia," alisema. "Tutakula wali. Kwani wali una ubaya gani?"

Gacheri akashusha pumzi. Adhuhuri Sadiya akaja na watoto, wakaketi wote uani. Mumewe alikuwa amemweleza, naye akamshika Gacheri bega na kumtania kwamba afadhali ndengu, mbuzi mwenyewe alikuwa amekonda. Mambo yangeishia hapo.

Lakini Muiruri, mfupa mkononi, alikuwa hajamaliza.

"Mnajifanya watakatifu leo?" alisema huku akicheka. "Mwaka ule wa ukame, Chege akiwa hai, nilikula Krismasi hapahapa. Wewe Wario ulikuwa mbali huko Biliqo na ng'ombe. Nani alichinja siku hiyo? Na mkeo huyu alikula mpaka akafyonza uboho!"

Kicheko chake kilibaki peke yake.

"Alichinja mzee Salad wa bucha, Mwislamu mwenzenu," Gacheri alisema haraka. "Wario, si wewe ndiye ulimtuma?"

"Nilimwomba," Wario alijibu polepole. "Ila mimi sikuwepo."

"Alikuja! Alikuja asubuhi, kivulini pale! Muulizeni..."

Akakumbuka. Mzee Salad alizikwa mwaka juzi.

"Shemeji, waambie! Si ulimwona?"

Muiruri aliinua mabega. "Mimi nilikula tu. Sikuuliza nani alichinja."

Gacheri alimgeukia Sadiya. Ukweli wa asubuhi, aliousema ili asimdanganye mtu, ndio sasa uliomshtaki. Kama leo mbuzi amechinjwa hivi, kwa nini si siku ile? Aliliona swali hilo likipita usoni mwa rafiki yake, na hakuwa na shahidi.

"Mama Abiba, unaniamini?"

"Nakuamini," Sadiya alisema. Alisema haraka mno, macho kwenye sahani tupu mbele yake.

Gacheri akaleta wali na ndengu. Abiba, binti mdogo wa Sadiya, alinyoosha mkono. Mama yake akaushika na kuurudisha pajani.

"Tumeshiba, Mama Wanja. Tulikula nyumbani."

"Hata kidogo? Hebu njoo jikoni, uonje chumvi."

Sadiya hakuinuka.

"Basi chai?"

"Maziwa yananisumbua siku hizi." Sadiya alivuta buibui magotini. "Kama kuna soda, nitakunywa. Ya chupa."

Gacheri akaenda dukani kuinunua. Alipoileta, akaifungua mbele ya Sadiya, kama anavyofunguliwa mgeni wa mara ya kwanza.