Ng'ombe wa Makopo

Kra, kra, kra. Mpaka leo naisikia: mikasi ya tonton, mdogo wake mama, ikikata makopo ya maziwa ya unga nyuma ya nyumba yetu, mtaani Kadutu. Kila Jumamosi, watu wakitoka salongo, ile kazi ya asubuhi ya kusafisha mitaa, yeye alirudi na gunia la vitu walivyotupa wengine.

Alikuwa anatengeneza ng'ombe. Mbavu za makopo, masikio ya soli za kandambili, macho ya vizibo vya bia. Alitaka kuoa, na kwetu nani ataoa bila ng'ombe? "Huyu ninamupata bure," alisema akicheka. "Wa kweli ninaenda kumutafuta kule Luhwindja, mu machimbo ya zahabu."

Siku ya kuondoka, ng'ombe alikuwa na miguu mitatu. Akamwegemeza ukutani. "Umuchunge. Nikirudi nitamumaliza mwenyewe."

Sasa ni mwaka wa pili. Akipata kilima chenye rezo hupiga simu, na hata salamu bado: "Ng'ombe yangu anakula?" Namjibu ananenepa. Tunacheka, simu inakatika, nami nabaki nimeishikilia sikioni.

Jumamosi iliyopita nilimtoa nje apate jua, maana kutu ilianza kumla mbavu. Nikaenda kuchota maji. Niliporudi, hayuko. Salongo ilikuwa imepita pale.

"Maman, umeona ng'ombe?" nikamuuliza jirani yetu, aliyekuwa bado na fagio mkononi.

"Ng'ombe gani?"

"Ya makopo. Iko ya tonton."

"Ile? Nimeitupa na takataka zingine! Na miguu tatu, itafika kwa wakwe lini?"

Mtaa mzima ukacheka. Nikacheka nao, maana kweli ilichekesha, huku machozi yananitoka.

Nilimkuta chini ya rundo kando ya mtaro, tumbo limebonyea, maganda ya ndizi shingoni. Nikambeba kichwani mpaka nyumbani. Lakini hata ukutani hakusimama tena, na ng'ombe aliyelala chini, salongo ijayo wataniokotea na kumtupa. Tonton alisema atammaliza mwenyewe. Niliwaza hivyo usiku kucha.

Jumapili, wote walipoenda misa, nilichukua chuma cha mwavuli uliovunjika, nikakipima na miguu mingine. Sikukipigilia msumari. Nilikifunga kwa waya, fundo jepesi la kufunguka kwa vidole viwili, ili tonton akija akitoe, aweke mguu atakaoutengeneza mwenyewe.