Vidonge vya Wiki ya Mfungo

Kila nikipimwa presha, mkanda unapobanduliwa mkononi kwa ule mlio wa kuchanika, narudi kijijini kwetu Zuzu, kwenye benchi la mwisho la kanisa letu. Hapo ndipo Nesi Yuditha, muuguzi wa usharika, alipokaa kila Jumapili baada ya ibada. Waumini walipeana mkono na mchungaji, kisha wakaja kwake kupimwa. Alikuwa mkali. Hata mzee wa kanisa alikemewa kwa kupenda chumvi, nasi watoto tukacheka nyuma ya ngoma za kwaya.

Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa mgonjwa wake. Kwa kuwa Bibi hakujua kusoma, Nesi alinikabidhi mimi, msichana wa miaka tisa, kazi ya kumpa dawa: kidonge kimoja kila asubuhi, baada ya uji. Nilijiona daktari kamili.

Mwaka ule mtama ulinyauka shambani, akina mama wa kanisa wakatangaza wiki ya kufunga ili kuomba mvua. Nesi alisimama ibadani akasema wazi, "Mwenye dawa zake asiache. Kidonge hakivunji mfungo." Bibi aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Kesho yake nilipompa kidonge, alikisukuma.

"Kufunga ni kufunga, mjukuu wangu. Na usimwambie Nesi, utaniharibia."

Jumatano Nesi alinikuta bombani nikikinga maji. Nilimwamkia, akaniuliza, "Bibi amemeza?"

"Amemeza," nikasema.

Alinishika kichwani akanisifu, mtoto mwaminifu. Nilibeba ndoo yangu nikiona aibu mpaka masikioni.

Ijumaa Bibi alianguka jikoni, mdomo umepinda, mkono mmoja ukipapasa majivu. Jumamosi akafariki. Mvua haikunyesha.

Msibani, shangazi yangu alimuuliza kila mtu nani alikuwa akimpa mama yake dawa. Nilijificha chumbani kwa Bibi. Nesi aliingia, akafungua sanduku la nguo, akatoa pakiti ya vidonge, akavihesabu kwa kidole polepole. Akanitazama. Kisha akaitia pakiti mfukoni akatoka, nikamsikia akimwambia shangazi mbele ya watu, "Niulize mimi. Nilipaswa kuja kumwangalia mwenyewe, sikuja."

Shangazi alimtukana vibaya. Jumapili zilizofuata watu walilipita lile benchi, na Nesi alikaa peke yake, mkanda umekunjwa mapajani. Mimi, kwa akili zangu za kitoto, niliamini alichukua vile vidonge ili awape wagonjwa wengine, na moyoni nilimwona mchoyo, kuchukua vitu vya marehemu.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba ile pakiti ilikuwa ushahidi dhidi yangu, na kwamba aliuficha asijue mtu, hata mchungaji.

Nasikia amezeeka, anaishi Msalato kwa binti yake. Nimepita pale kwa basi mara nyingi nikiwa na maneno yangu tayari, na kila mara naogopa. Sijawahi kushuka.