Tarehe Iliyo Pembeni mwa Picha ya Salma

Barua hii ililetwa ofisini kwa mkono. Majina yamebadilishwa kwa ombi la mwenyewe.

Assalaam aleikum wasomaji wa ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, sijaolewa, kwetu ni upande wa Kwale, na ninafanya kazi katika studio ya picha karibu na Biashara Street hapa Mombasa. Naomba nifichwe, kwa sababu mtaa wetu ni mdogo na watu wanajuana.

Mwaka jana mwenye studio alileta kamera ya dijitali kutoka Dubai. Haitumii filamu. Picha huingia kwenye kompyuta na kutoka kwenye printa, na pembeni huandikwa tarehe kwa rangi ya manjano. Wanawake wa Mji wa Kale waliipenda, maana nikiwapiga bila buibui hakuna mwanamume wa kusafisha filamu atakayewaona. Kazi hiyo ikawa yangu.

Asubuhi moja alikuja rafiki yangu Salma. Studio haikuwa na mtu mwingine. Mumewe yuko kazini Maskati, naye alitaka kumpelekea picha. Alivaa dhahabu zake za harusi, akacheka mbele ya kamera hadi nikamwambia atulie. Wino wa printa ulikuwa umekwisha, nikamwahidi kuitoa ukifika mwingine.

Siku nne baadaye mavyaa wake, mama wa mumewe, akafariki. Salma ndiye aliyekuwa akimuuguza, peke yake, nyumbani Kibokoni. Siku hiyo alikwenda Mwembe Tayari kununua dawa, duka likachelewa kufunguliwa, na aliporudi alimkuta mama ameshakata roho.

Baada ya khitma, shemeji yake, nitamwita Mbarak, alipita studio kuchukua picha za pasipoti, kwani alikuwa anamfuata nduguye Maskati. Wino ulikuwa umefika. Nikaitoa picha ya Salma, nikaitia kwenye bahasha, nikampa ampelekee kaka yake. Niliona ninamfanyia rafiki yangu wema. Tarehe sikuitazama.

Mbarak aliporudi, alirudi na talaka ya maandishi. Picha ilikuwa na tarehe ya siku ileile aliyofariki mama yao. Mumewe alimwandikia Salma kwamba mama yake alikuwa anakata roho bila hata mtu wa kumpa maji, na yeye amevaa dhahabu anacheka.

Mbarak na Salma walikuja studio pamoja. Mbarak akaiweka picha mezani. "Dada, nina swali moja tu. Mashine hii yaweza kukosea tarehe?"

Nikamjibu, "Haikosei. Ni ya kisasa."

Salma alikuwa mlangoni. "Nambie wewe," akasema. "Wewe ndiwe uliyenipiga. Nalikuja siku ile, au nalikuja kabla?"

Wasomaji, nilikuwa nakumbuka alikuja kabla. Lakini nilipozitazama zile namba za manjano kumbukumbu yangu ikalegea, nikaona mashine inajua kuliko mimi. Risiti sikumwandikia, kwa kuwa nilimpiga bure. Nikasema, "Sikumbuki vizuri, lakini tarehe ndiyo hiyo." Salma hakulia. Alijifunika uso kwa ushungi, akatoka.

Mwanzo wa mwezi huu aliyetuuzia kamera alituma disketi yenye programu mpya ya kuitia ndani ya kamera, na barua inayosema itaondoa hitilafu ndogo ndogo. Haikutaja hitilafu zipi. Mwenye studio akaniambia, "Afadhali. Betri zikiisha, tarehe inaruka siku nne mbele. Mimi huirekebisha kila nikiona."

Alipotoka nilitoa betri, nikaweka zilizokwisha, kisha nikatia mpya. Tarehe ikaruka siku nne. Nikarudia mara tatu, ikaruka mara zote tatu.

Jioni nilimweleza habari ya Salma. Mzee huyu si mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha kazi nilipokuwa sina pa kushika. Akasema, "Ya Salma yamekwisha, mwanangu. Tukisema kamera ilikosea, nani atatuamini tena? Nasafiri. Nikirudi mwisho wa mwezi nikute programu imeshaingia." Barua inasema ikishaingia haitoki. Kamera itaandika tarehe sawasawa, na hakutakuwa na kitu cha kumwonyesha Mbarak isipokuwa maneno yangu, yaleyale niliyokwisha kuyatumia kumwambia haikosei.

Talaka ni moja na eda bado haijaisha. Mumewe angali anaweza kumrejea.

Tangu hapo sina raha. Nikifungua kompyuta, picha yake imo, anacheka. Nimejaribu kuifuta, kidole hakiendi. Nikipiga wateja wengine, nikitazama kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera, kuna mara naona ni yeye, mpaka nimwombe mteja aseme neno ndipo nimwone.

Juzi nilikwenda kumwona Salma kwa mama yake Ganjoni, anakokaa sasa. Nilikuwa na disketi mkobani, nimeazimia kusema. Amekonda. Alinimiminia chai akaniuliza hali za nyumbani, kama zamani. Kisha akasema polepole, "Usijilaumu. Nimefikiri sana, naona kweli nalikuja kwako siku ile. Naona nalipita kwako kwanza, ndipo nikaenda kununua dawa. Nakumbuka hata barabara ilivyokuwa. Mimi ndimi niliyemwacha mama wa watu peke yake."

Disketi ikabaki mkobani. Nilimaliza chai, nikaaga.

Kamera iko kabatini na disketi bado sijaitia. Nikimwita Mbarak aje aone tarehe ikiruka, nitakuwa nimemvunjia heshima aliyenilea kikazi, na Salma atajua kwamba mimi ndiye niliyemnyima ushahidi siku aliyouomba. Nikiitia, hakuna atakayejua, wala yeye mwenyewe. Mzee anarudi mwisho wa mwezi. Enyi mnaosoma, mliokwisha kubeba jambo kama hili, niambieni ningali na muda: nishike njia ipi?