Siku Nilisimama Pembeni ya Madamu wa Iniversite

Aibu yangu wengi wanaijua, na wale wa Kitshanga wanaielezea vizuri kuliko mimi mwenyewe, na vicheko juu yake, kwa hiyo sina cha kuficha. Lakini mukiniruhusu nianze fasi ninapotaka, nitaanza na ng'ombe mumoja wa Mushaki, hata kama yeye hakuwa na kosa lolote katika haya maneno.

Nilikuwa kijana bado. Mufanyabiashara mumoja, Munande kwa kabila, mwenye duka na kamiyo ya mizigo, alinituma nimuletee ng'ombe kutoka shamba moja kule juu ya Mushaki mpaka barabarani (kamiyo haikuweza kupanda, matope). Ng'ombe alikuwa jike, mweupe, pembe ndefu, na akakataa kutembea. Nilimuvuta, nilimusukuma, nikamutukana Kihunde, lugha ya mama yangu, wapi. Muchungaji wake, muzee wa Kinyarwanda, alikuwa amekaa juu ya jiwe anacheka.

"Kaka," akasema, "huyu hasikiake Kihunde."

Akaniimbia maneno ya kuitia ng'ombe, nikayashika kwa masikio tu bila kujua yanasema nini, nikayaimba, na yule ng'ombe akanifuata mpaka barabarani kama mutoto anamufuata mama yake sokoni. Tangu siku ile wazo likaniingia kwamba lugha si lazima uielewe, inatosha itembee. Ile wazo njo ilikuja kuniua.

Masomo yangu ni kidogo. Pale Kibabi, kijijini kwetu, nilijua kuandika jina, nikajua kuhesabu magunia, baba akasema inatosha, maharagi yanangoja. Kisha nikaenda Uganda kuchuma majani ya chai, nikarudi na salamu za Kiingereza na redio iliyoharibika. Sasa katika kanisa letu walikuwa wanakuja wahubiri kutoka kule, wanahubiri Kiingereza, na siku moja wakakosa mwenye kutafsiri, watu wakanitazama mimi. Nikasimama. Haikuwa kazi nguvu sana: wote wanahubiri mamoja, zambi, damu, njia nyembamba, moto. Muhubiri akiinua mukono, unainua mukono. Akipiga Biblia, unapiga Biblia. Akiruka, unaruka (kwetu mutafsiri asiporuka watu wanasema hajatafsiri). Fasi nisipoelewa niliweka yale ninayoyajua, na watu waliokoka vilevile. Hakuna aliyelalamika.

Vita ikatutosha Kibabi mbio, tukafika Kitshanga, kwenye kambi, mimi na mama ya watoto na watoto, chini ya shitingi, turubai ya misaada. Mutoto wangu Furaha alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Kukaja habari kwamba iniversite moja ya ng'ambo ya mupaka itachukua vijana wa kambini, bure, kusoma uganga wa hospitali na mengine, lakini hawataki muntu wa Kifaransa peke yake: lazima awe amesoma Kiingereza masomoni, na watatuma muntu kumupima kwa mudomo. Furaha alikuwa anataka uganga tangu utoto. Alikuwa anafunga vidonda vya kuku. Na mwalimu wa Kiingereza alikuwa amekimbilia Goma tangu risasi ya kwanza, akatutumia salamu.

Prefe wa masomo, mukubwa wa sekondari yao, akaja mpaka kwetu, akainama kuingia chini ya shitingi.

"Papa Furaha, si wewe njo unatafsiriaka wahubiri?"

"Mimi njo. Lakini prefe, minajua ile ya kanisa tu."

"Papa! Kiingereza ni Kiingereza. Kuko ingine?"

Nikafikiri. Kweli sikujua kama kuko ingine.

Nikafundisha vile ninavyojua. Nilipanga wanafunzi wawili wawili, mumoja wa kusema na mumoja wa kusimama pembeni kutafsiri, juu mimi katika maisha yangu yote sikuwahi kuona Kiingereza kikitembea peke yake, kila mara kinakuwa na muntu pembeni. Walipenda sana. Kelele zetu zilifika sokoni, wenye pikipiki wanasimama kusikiliza. Furaha tu njo hakupenda. Akaniuliza, "Papa, na kule iniversite, kila muntu atakuwa na wake wa pembeni?" Nikamujibu kwamba hiyo ni kazi yao kupanga. Yeye akawa anatoroka kalasi yangu, anaenda kukaa na madereva Wakenya wa kamiyo za chakula wakingoja zipakuliwe, anawauliza hii inaitwa nini, na ile, na jana ulilala wapi. Iliniuma. Mwalimu iko nyumbani, mutoto anaenda kusoma kwa madereva!

Siku ya kupimwa ilifika. Wazazi walijaa ndani ya kalasi kubwa na wengine kwenye madirisha, kama harusi, na mimi nilikuwa nimeazima vesti, koti ya suti, ya muuza sabuni, mikono yake ilinifikia hapa, karibu na kiwiko. Madamu wa iniversite alikuwa mwanamuke mufupi, Mwafrika kama sisi, miwani, sauti ya chini. Akaita wa kwanza, Bahati. Bahati akasimama, na palepale Innocent akasimama pembeni yake. Madamu akamufanyia Innocent alama ya mukono akae; Innocent naye akafanya alama ileile ya mukono. (Ninyi munacheka, lakini ni mimi nilimufundisha.) Madamu akauliza Bahati kitu, polepole. Bahati akafungua mikono, akanguruma Kiingereza chake kwamba alikuwa amepotea na damu ikamupata, na Innocent anatafsiri, mikono wazi vilevile, na wazazi wakajibu "Amina!" kwa sauti moja.

Madamu akavua miwani, akasimama, akauliza swali kwa watu wote. Nikashika neno moja tu: mwalimu.

Hapo njo ningekaa. Kukaa ni kitu kidogo, hakiombi akili. Lakini muntu alikuwa amesimama mbele ya watu anasema Kiingereza, na pembeni yake fasi ilikuwa wazi, na miguu yangu ilikuwa na miaka mingi ya kujaza ile fasi. Nikaenda, nikasimama pembeni yake, nikakohoa.

Akanigeukia, akasema kitu. Mimi nikageukia watu. "Anasema anafurahi kufika katikati yetu!"

"Amina!"

Akatikisa kichwa. Nikatikisa kichwa. "Anasema dunia imeharibika!"

"Amina!"

Akaniwekea mukono begani, anisukume taratibu. Mimi nikamuwekea prefe, aliyesimama karibu, mukono begani. "Anasema tupendane!" Akapiga meza. Nikapiga meza, chaki zikaruka. "Anasema moto iko karibu!" Basi wamama wakasimama, mumoja akaanzisha wimbo, na wale wa madirishani, ambao hawakujua kitu, wakaingia katika wimbo na kupiga makofi, na madamu akakaa chini, mikono kichwani, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kutafuta namna ya kutafsiri hiyo.

"Papa, nyamaza!"

Alikuwa Furaha. Hajawahi kunisemesha hivyo, wala kabla wala nyuma. Wimbo ukafa. Madamu akainua kichwa, akamusemesha, na yeye akajibu, na wakaongea muda murefu, bila mikono, bila kelele, kama watu wawili wanauliziana bei ya ndizi. Mimi sikujua kama Kiingereza kinaweza kuongewa chini hivyo. Kisha madamu akanyoosha kidole kwangu, na kwa watu, akamuambia kitu.

"Anasema nini?" prefe akauliza.

"Anasema nimutafsirie kila neno. Nisiongeze, nisipunguze. Njo egzame yangu."

Madamu akasema moja, na Furaha akatafsiri moja, macho chini.

"Anasema huyu muzee hajui Kiingereza."

Hakuna aliyesema amina.

"Anasema katika yote huyu muzee aliyowaambia, yeye madamu hakusema hata moja. Alikuwa anamuomba akae."

Muntu akacheka dirishani, wakamunyamazisha.

"Anasema hawa wenzangu hawawezi kupita, na si kosa yao, ni kosa ya yule aliyewafundisha."

Madamu akasema ingine, na hapo Furaha akakawia. Mimi ile fasi naijua. Najua vile iko rahisi: unaweka neno lako moja katikati, hakuna anayejua, na muntu anaokoka. Na madamu alikuwa anamungoja, kichwa pembeni, na nikaona kwamba anajua Kiswahili, hata kama alikificha. Furaha akanitazama. Nikamufanyia alama ya kichwa: endelea.

"Anauliza nani alimuweka huyu muntu kuwa mwalimu."

Prefe akatazama viatu vyake.

"Anauliza," Furaha akasema, "ananiuliza mimi, huyu ni nani wangu, kwa nini nimemukatiza."

Akajibu kwanza kwa Kiingereza. Kisha akatutafsiria na jibu lake mwenyewe, hakuongeza, hakupunguza: "Nimemujibu kwamba ni baba yangu."

Madamu akavaa miwani, akamukaribisha akae mbele yake, na kwa Kiswahili kizuri sana, kile cha redio, akamuambia: "Wewe utakuja kwetu. Tuendelee."

Tangu siku ile, akisimama muntu mbele ya watu na lugha nisiyoijua, mimi ninabaki kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Wahubiri wamekuja, wameniita, nimewaambia miguu inauma.

Lakini siku ile, nikavua ile vesti, nikaiweka juu ya mabega ya prefe, akaipokea. Nikapita katikati ya benchi, watu wakinifungulia njia, nikatoka, nikashuka soko, nikapita ng'ombe wa mauzo na pikipiki, na sikugeuka, na katika ile kalasi sikuingia tena mpaka leo. Nyuma yangu, pale mulangoni, bado nilikuwa ninamusikia Furaha anajibu, swali kwa swali, na hakukuwa muntu pembeni yake.